Pedi Mbili, PSP Moja: Dhana Potofu Kuhusu Pedi na Emuleta za Gemu za Mkononi

Jumamosi moja vijana wawili wa mtaani kwetu, mtu na mdogo wake, walinijia na laptopu na pedi mbili za USB, yaani vidhibiti vya kuchezea gemu, moja ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Walikuwa wamechanga pesa wakanunua pedi ya pili ili wacheze mpira wao kwa wao kwenye PPSSPP, ile emuleta (programu ya kuigiza) ya PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony. Walichomeka zote mbili, taa zikawaka, gemu ikafunguka. Lakini yeyote aliyebonyeza, mchezaji aliyekimbia alikuwa yule yule. Mkubwa akasema pedi mpya ni mbovu. Mdogo akasema emuleta ndiyo mbovu. Nilivikagua vyote: vilikuwa vizima.

Kesi kama hii nimeletewa mara nyingi, na karibu kila mara chanzo ni kimoja. Watu wanadhani emuleta inaigiza gemu. Hapana, emuleta inaigiza mashine, na mashine hiyo ina idadi yake ya vitufe, haiongezeki wala haipungui kwa sababu umenunua pedi ya kisasa. Dhana nyingi potofu kuhusu pedi zinaanzia hapo.

"Pedi mbili maana yake wachezaji wawili"

Dhana hii imetoka kwenye vibanda vya PS2. Pale mbele ya mashine kulikuwa na matundu mawili: wa kwanza anachomeka hapa, wa pili anachomeka pale, mechi inaanza. Ukitumia emuleta ya PS2, pedi mbili zitafanya kazi vivyo hivyo.

PSP ni kitu kingine. Sony waliitoa Japani Desemba 2004 kama kifaa cha kushikwa na mtu mmoja, vitufe vikiwa kwenye mwili wa mashine yenyewe. Tundu la mchezaji wa pili halikuwepo kabisa. Watu wawili waliotaka kupambana kila mmoja alikuja na PSP yake, zikaunganishwa kwa mawimbi ya Wi-Fi kwa njia inayoitwa ad hoc. PPSSPP, iliyotoka mara ya kwanza Novemba 2012, inaigiza hivyo hivyo: dirisha moja ni PSP moja. Ukichomeka pedi mbili, au tatu, zote zinabonyeza vitufe vya PSP hiyo hiyo, kama watu wawili walioshika usukani mmoja.

Njia iliyo sahihi ni kuwa na PSP mbili za kuigizwa. Chukua kompyuta mbili, au kompyuta na simu, ziwe kwenye Wi-Fi moja, na gemu iwe ile ile, toleo lile lile. Kwenye mipangilio ya mtandao ya PPSSPP, mmoja anawasha seva ya ad hoc iliyomo humo humo ndani ya programu, mwenzake anaandika anwani ya IP ya yule wa kwanza, yaani namba ya kifaa chake kwenye mtandao. Kisha kila mmoja anaingia ndani ya gemu sehemu ya kucheza na mwenzako, siyo sehemu ya mechi ya kawaida. Unaweza pia kufungua madirisha mawili kwenye kompyuta moja, lakini mashine inabeba mzigo wa PSP mbili, na kwa laptopu ya kawaida mimi sishauri.

Wale vijana tulimaliza hivyo. Mkubwa alibaki na laptopu, mdogo akachukua simu ya Android, na ile pedi mpya tukaichomeka kwenye simu kwa kiunganishi cha OTG, kile kinachoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Pesa yao haikupotea.

Game Boy Advance (GBA) ya Nintendo nayo ilikuwa mashine ya mtu mmoja, ila wachezaji waliunganishwa kwa waya. Hapa emuleta ya mGBA imewarahisishia watu: kwenye menyu yake unafungua dirisha la mchezaji mwingine, mpaka wanne, yenyewe inaigiza ule waya, na kila dirisha unalipangia pedi yake. Kama shida yenu ni kucheza wawili kwenye kompyuta moja, GBA itawapa raha kuliko PSP.

"Taa imewaka, kwa hiyo imeshaungana"

Taa inakuambia kwamba umeme umefika, basi. Nyaya nyingi za kuchajia simu zina njia ya umeme tu, hazina njia ya data. Pedi inawaka, inachaji, na kompyuta haina habari nayo.

Kabla hujagusa emuleta, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, piga Enter. Litafunguka dirisha dogo lenye orodha ya pedi. Chagua yako, fungua Properties, kisha bonyeza vitufe kimoja kimoja. Kila unachobonyeza kinatakiwa kuwaka pale. Kikiwaka hapo na emuleta haisikii, tatizo ni mpangilio wa vitufe ndani ya emuleta. Pedi isipoonekana kabisa, usihangaike na emuleta: badilisha waya, badilisha tundu la USB. Kazi hii ni ya dakika mbili, na imeokoa pedi nyingi ambazo zilikuwa zinaelekea jalalani.

Kuna taa nyingine inayosumbua watu kuliko zote. Zile pedi za bei nafuu zenye umbo la pedi ya PlayStation nyingi zina kitufe katikati kilichoandikwa Analog au Mode, na juu yake kitaa chekundu. Kitaa kikiwa kimezimika, analogi ya kushoto, yaani kile kijiti cha kusukuma kwa gumba, inafanya kazi kama vitufe vya mishale: ni kulia kabisa au kushoto kabisa, hakuna katikati. Mara nyingi analogi ya kulia nayo inageuka kuwa vitufe vinne vya kawaida. Mtu anacheza GTA ya PSP, anasukuma analogi taratibu ili mhusika atembee, mhusika anakimbia tu. Analaumu emuleta. Bonyeza kile kitufe mpaka kitaa kiwake, kisha rudi kwenye joy.cpl na uzungushe analogi polepole: sasa alama ya msalaba itafuata kidole chako, badala ya kuruka kutoka pembe hadi pembe. Na ukumbuke kwamba ukibadilisha hali hiyo baada ya kupanga vitufe, itabidi upange upya, kwa sababu mishale inatuma ishara za aina nyingine.

"Pedi isiyo ya Xbox haifai kwenye kompyuta"

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Windows inaongea na pedi kwa lugha mbili. Ile mpya, XInput, ilikuja mwaka 2005 pamoja na Xbox 360. Humo kila kitufe kina jina na mahali panapojulikana, kwa hiyo emuleta inaweza kupanga kila kitu yenyewe. Ile ya zamani, DirectInput, inatuma namba tu: kitufe cha 1, kitufe cha 2, kitufe cha 3. Emuleta haiwezi kujua kama kitufe cha 3 ndicho ulichokichukulia kuwa duara au pembetatu mpaka uifundishe.

Kwa hiyo pedi ya namba siyo pedi mbaya. Ingia kwenye mipangilio ya PPSSPP, sehemu ya vidhibiti, palipoandikwa Control mapping. Gusa jina la kitufe cha PSP, kisha bonyeza kitufe cha pedi unachotaka kiwe hicho. Ukishamaliza orodha, umemaliza kazi. Baadhi ya pedi zina swichi ndogo nyuma yenye herufi X na D, ya kuchagua lugha. Itelezeshe kwenye X uone kama mambo yatajipanga yenyewe.

Draiva, yaani programu za kuiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, nazo zinatisha watu bure. Pedi ya kawaida ya USB inafanya kazi na ile draiva ambayo Windows inayo tayari. Tafadhali usipakue faili la "draiva ya pedi" kutoka tovuti usiyoijua, kwa sababu humo ndimo virusi hujificha. Inayohitaji programu ya pembeni kwenye Windows ni pedi ya PS3. Ile ya PS4 inaonekana yenyewe.

"Analogi ya kulia imekufa"

Haijafa. PSP ilikuwa na analogi moja tu, kushoto, chini ya mishale. Haikuwa na L2 wala R2, wala analogi za kubonyeza kwa chini. Gemu zilitengenezwa kwa vitufe vilivyokuwepo, kwa hiyo hakuna kitu ambacho analogi ya kulia inaweza kukiendesha mpaka wewe uipe kazi.

Na hapa ndipo pedi inapoishinda PSP yenyewe. Chukua Monster Hunter Freedom Unite. Kidole gumba cha kushoto kinakimbiza mwindaji kwa analogi, na kamera inageuzwa kwa mishale, ambayo nayo iko upande huo huo wa kushoto, juu kidogo. Wachezaji wa PSP walilazimika kukunja kidole cha shahada kama ukucha wa ndege ili kifikie mishale wakati gumba likiwa kazini. Mkono ulichoka vibaya. Kwenye emuleta unaipa analogi ya kulia kazi ya mishale minne: juu, chini, kushoto, kulia. Papo hapo una kamera kwenye gumba la kulia, kama gemu za PS2. Kamera haitageuka kwa wepesi na uzito tofauti kulingana na unavyosukuma, kwa kuwa mishale haina nusu, lakini ukucha umeuaga.

God of War za PSP nazo zina mfano mzuri. Kukwepa ni kushika L na R kwa pamoja huku ukisukuma analogi. Chukua kitufe kimoja kisicho na kazi, tuseme R2, kiweke kwenye L na pia kwenye R. Sasa kukwepa ni kidole kimoja.

Tahadhari ndogo: kwenye orodha ya PPSSPP utaona mistari inayoanza na RightAn. Wengi wanaipanga hiyo wakidhani wamepata analogi ya pili, kisha wanashangaa kamera imetulia. Kwa gemu za kawaida za PSP mistari hiyo haifanyi kitu.

"Vitufe vimegeuzwa"

Vimewekwa na watu tofauti, hilo tu. Kwenye mashine za Nintendo, A iko kulia na B chini. Kwenye pedi ya Xbox, A iko chini na B iko kulia. Ukicheza gemu ya GBA kwa pedi ya Xbox, chagua jambo moja: ufuate herufi au ufuate mahali. Mimi hufuata mahali, kwa sababu waliotengeneza gemu walifikiria gumba, siyo herufi. Kwa upande wa PSP, mashine za Japani zilitumia duara kukubali na msalaba kukataa, za Marekani na Ulaya kinyume chake. PPSSPP ina mpangilio wa kuchagua kitufe cha kukubali, lakini gemu nyingi zimeshaamua zenyewe.

Mtetemo nao ni hivyo hivyo. PSP haikuwa na mota ya kutetema, kwa hiyo pedi yako ikikaa kimya ndani ya PPSSPP usiipeleke kwa fundi. Cha kushangaza ni kwamba baadhi ya kaseti za GBA zilikuwa na mota ndani yake, kama Drill Dozer ya mwaka 2005, na mGBA inaweza kuupitisha mtetemo huo kwenye pedi. Kuhusu Nintendo DS, pedi haitachukua nafasi ya kalamu ya skrini ya kugusa. Weka mausi karibu.

"Bluetooth ndiyo inayochelewesha"

Inaweza kuchangia, lakini isihukumiwe peke yake. Skrini ya PSP inachorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ni takriban milisekunde 17. Kati ya kidole chako na picha kuna vituo vingi: pedi, Windows, emuleta, kadi ya picha, skrini. Mtu anaunganisha laptopu kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, televisheni inachukua muda kuipamba picha, na lawama zinaiangukia pedi isiyo na waya. Tafuta kwenye televisheni hali ya gemu, uiwashe. Kwenye PPSSPP, ndani ya mipangilio ya picha, kuna Buffer graphics commands, ambayo inaongeza kasi kwa gharama ya kuchelewesha vitufe. Kama kompyuta yako ina nguvu, izime.

Halafu pima. Fungua Tekken, ingia kwenye uwanja wa mazoezi, piga ngumi moja moja kwa pedi ya Bluetooth. Chomeka waya, piga tena ngumi zile zile. Kisha toa televisheni, urudi kwenye skrini ya laptopu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, ngumi ikiwahi kufika hutajua ni kipi kilichoiharakisha.