Upasuaji wa ubongo unaoongozwa na picha: kwa wanaopewa rufaa kutoka Malindi

Kila inapokaribia Aprili 11, Siku ya Parkinson Duniani (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko), tunaulizwa swali lilelile: "Daktari, mtampasua baba kichwa?" Hapana. Ngozi hutiwa ganzi, fremu ya chuma ikafungwa kichwani kwa skrubu nne, kisha mgonjwa akapigwa picha ya ndani ya kichwa kwa mashine ya CT (ya eksirei) au MRI (ya sumaku). Kompyuta huoanisha picha na fremu na kuonyesha sehemu inayolengwa kwa milimita. Tundu dogo kwenye fuvu linatosha.

Kwa uchunguzi wa uvimbe ubongoni, sindano hupita humo ikatoa kipande kidogo cha uvimbe huo kipelekwe maabara. Uvimbe wenyewe hauondolewi. Wanaorudi kulalamika "mbona bado upo" walielezwa kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa.

Kwa mtetemeko, waya mwembamba huachwa ndani ya ubongo na kuunganishwa na betri chini ya ngozi ya kifua, njia aliyoianzisha Profesa Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Mara nyingi mgonjwa huwa macho, maana ubongo wenyewe hausikii maumivu. Huambiwa ashike kikombe, achore duara la konokono, huku umeme ukiongezwa kidogo kidogo. Mistari iliyokuwa ikirukaruka hutulia papo hapo. Ugonjwa hauponi, unatulizwa tu, na wengi huendelea na vidonge.

Si kila mkono unaotetemeka ni wa kupelekwa huko: tezi ya shingo na baadhi ya dawa za pumu nazo hutetemesha. Kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa) na dua hatuzikatazi. Tunachokataa ni mzee kuachishwa levodopa, dawa yake ya Parkinson, ghafla ati ameshakunywa kombe. Hilo ni hatari.

Upasuaji huu haufanyiki hapa Malindi, kwa hivyo rufaa ni lazima. Beba barua halisi yenye mhuri (si picha ya simu), diski ya picha pamoja na ripoti yake, kitambulisho, na dawa zote, hata za dukani. Aspirini na warfarini, dawa zinazozuia damu kuganda, zitajwe, kwa sababu hatari kubwa ni damu kuvia ubongoni; lakini usiziache kwa uamuzi wako, daktari ndiye atakayepanga siku. Mwenye kifaa cha umeme moyoni aseme kabla ya MRI. Ukiambiwa usile, chai ya maziwa pia ni chakula. Aliyekunywa, au aliyeficha aspirini, huahirishiwa na kupangiwa tarehe nyingine, na nauli ya kurudi ni yake mwenyewe.