Ubora wa mafuta ya alizeti huanza kwenye gunia

Kwenye viwanda vidogo vingi vya kukamua alizeti Dodoma na Singida, ubora umeachiwa mtu mmoja anayesimama mwisho: anatazama rangi ya mafuta kwenye glasi, kisha anaruhusu yafungashwe. Hapo ameshachelewa. Chujio linaondoa mashapo tu, haliondoi uchachu wa mbegu iliyooza.

Kazi ianzie getini. Mbegu yenye unyevu unaozidi asilimia 9 isiingie stoo. Ikirundikwa inapata joto, inaota ukungu, na asidi ya mafuta inapanda kabla mashine haijawashwa. Chomeka bambo, chuma chenye tundu cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini ya gunia, kwa sababu mbegu kavu mara nyingi ndiyo inayowekwa juu. Iliyoanikwa chini bila turubai huja na mchanga, na mchanga unakula skrubu ya mashine, ile inayobana mbegu. Chekecha kwanza, halafu weka sumaku kwenye mdomo wa kumiminia inase misumari.

Mashine ikishazunguka, mashudu, yaani makapi ya mbegu iliyokamuliwa, yatakueleza mengi kuliko mafuta. Yachukue yakiwa ya moto, yapoe kidogo, uyafinye. Mazuri ni vipande vyembamba vinavyokatika kwa mlio. Yakilainika na kukuacha na viganja vinavyong'aa, mafuta unayauza pamoja na chakula cha mifugo: ama skrubu imelika, ama mbegu ina unyevu. Andika kila zamu lita zilizotoka kwa kilo 100 za mbegu, na namba hizo zibandikwe ukutani pale pale mashineni. Zikikaa kwenye daftari la bosi hazimsaidii mwendeshaji.

Sasa chukua dumu lililorudishwa na mteja kwa sababu ya mashapo. Uliza kwa nini, usiishie jibu la kwanza. Kitambaa cha chujio kimetoboka. Kwa nini hakikubadilishwa? Stoo hakuna kingine. Kwa nini? Hakuna aliyepewa kazi ya kuagiza. Na kwa nini mafuta hayakuachwa yatulie tangini siku moja au mbili kabla ya kuchujwa? Kwa sababu zamu inalipwa kwa lita. Kumkata mshahara kijana wa chujio hakugusi hata sababu moja kati ya hizo. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha wakuu wa viwanda vya Japani mwaka 1950, alishikilia kwamba makosa mengi yanatokana na mfumo, na mfumo uko mikononi mwa uongozi. Nakubaliana naye kabisa: malipo ya zamu hupangwa ofisini, na huko ndiko marekebisho yaanzie.

Ubora hauishii getini pia. Chupa angavu zilizopangwa juani kando ya barabara kuu huharibu mafuta mazuri, kwa kuwa mwanga na joto huyachachusha haraka. Mpe muuzaji wako kivuli, hata cha turubai kuukuu, na uandike tarehe ya kukamua kwenye kila dumu ili likirudi ujue limetoka zamu ipi na kwenye mzigo upi wa mbegu.