Je, wajua kwa nini eropleni tuliiita ndege?

Siku moja hapa Unguja nilikuwa ndani ya daladala ya 505, ile yenye kibao cha U/NDEGE mbele. Mtoto wa kike wa miaka mitano au sita, aliyepakatwa na bibi yake, akauliza kwa sauti iliyosikika gari zima: "Bibi, huko uwanja wa ndege, ndege wanacheza mpira?" Watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alimtengeneza mtandio, akamwambia taratibu: "Ndege hizo hazichezi, mama. Zinatua."

Jibu lile nilikwenda nalo mpaka nyumbani, maana ndani yake mna somo zima la sarufi. Mtoto alisema *wanacheza*, bibi akajibu *hazichezi*. Hakumweleza kwamba neno ndege lina maana mbili. Alibadilisha kiambishi tu, na palepale kiumbe kikatoka, chombo kikaingia. Ukisikia "ndege ametua", huyo ni kunguru juu ya bati. Ukisikia "ndege imetua", hao ni abiria wanaongojea mabegi yao. Mwenye roho Kiswahili humweka katika ngeli ya A-WA hata kama jina lake halianzi kwa m- wala wa-. Kisicho na roho hubaki I-ZI.

Mgeni huteleza mahali pamoja. Mfugaji wa huku kwetu husema "ndege zangu", kama asemavyo "kuku zangu" na "mbuzi zangu", na aliyejifunza lugha darasani hudhani anasikia habari za tajiri mwenye shirika la usafiri. Asikilize kitendo: "ndege zangu wameruka". Kimilikishi kimefuata umbo la neno, kitendo kimefuata roho.

Hayo yanaeleza tunavyoelewana. Bado hayajaeleza kwa nini chombo kilipewa jina hilo.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapahapa kwenye bandari ya Unguja. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo kisiwani Chapwani hadi leo. Königsberg ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, na Waingereza wakaleta eropleni za kuitafuta. Baadaye zilirukia Mafia, zikawa zinawaelekeza wapiga mizinga mpaka manowari ile ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Hizo ni miongoni mwa eropleni za mwanzo kabisa kuonekana katika pwani hii. Fikiria mvuvi wa Mafia aliye ndani ya ngalawa, anasikia mngurumo juu, ananyanyua kichwa. Atakiitaje kile anachokiona?

Jina la kigeni lilikuwapo, na eropleni limo kwenye kamusi zetu mpaka leo. Halikushika. Na hili ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu Kiswahili hakina kinyongo na maneno ya vyombo vya wageni. Baiskeli ilikuja na jina lake, treni vilevile, na hata meli ni neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa merikebu za moshi ndizo zilizochukua posta. Lakini chombo cha angani kilivuliwa jina lake kikapewa la kiumbe.

Sababu ya kwanza kila mtu anaiona: kina mbawa, kinaruka, kinatua. Lakini naamini ipo nyingine. Neno ndege lilikuwa limeshazoea kubeba zaidi ya manyoya na mdomo. Katika Kiswahili cha zamani ndege ni pia ishara ya litakalotokea. Mtu akitoka safari akakutana na jambo la heri, husema amepata ndege njema. Akikutana na la shari, ni ndege mbaya, na wapo waliogeuza njia wakarudi nyumbani. Angani ndiko habari zilikotoka, na aliyezileta aliitwa ndege.

Waarabu nao walipita njia hiyohiyo. Sote tunaisoma Yasin. Humo, watu wa mji mmoja wanawaambia wajumbe waliotumwa kwao kwamba wanawaona ni kisirani, na wajumbe wanawajibu kwamba kisirani chenu mnacho wenyewe. Neno la Kiarabu linalotumika pale ni *tair*, ambalo asili yake ni ndege. Eropleni ilipofika kwao, Waarabu wakalichukua jina kutoka mzizi uleule: *tayara*. Sisi tulikuwa nalo hilo neno kabla, kwa kazi nyingine. Tiara kwa Kiswahili ni kishada: chelewa mbili zilizofungwa kama msalaba, gazeti lililobandikwa kwa uji wa unga, mkia wa kitambaa na uzi mrefu. Kitu kinachomrusha Muomani kutoka Maskati, kwetu ni mchezo wa watoto upepo ukishika.

Katika imani hiyo ya ishara, ndege mmoja ameonewa kupita wote. Bundi akilia karibu na nyumba, watu husoma dua. Naye Pemba anaye bundi wake mdogo asiyeishi popote pengine duniani, anayepatikana msitu wa Ngezi na kwenye mashamba ya mikarafuu. Ni mmoja wa ndege wanne ambao ni wa Pemba peke yake. Wenzake ni ninga, chozi, na yule mdogo mwenye duara jeupe jichoni. Anakula wadudu, hana habari na maiti wa mtu. Kumuua kwa ajili ya kulia kwake ni kumpoteza asiyeweza kuletwa tena kutoka kokote.

Imani ya namna hiyo iliwahi kuwagharimu watoto. Degedege, yale matukutiko yanayomshika mtoto mwenye homa kali, limetoka kwenye dege, ndege mkubwa. Ilidhaniwa ni shetani mwenye sura ya ndege aliyepita juu ya mtoto, kwa hiyo alitafutwa mganga kwanza. Sababu kubwa ilikuwa malaria. Leo malaria imepungua mno Unguja na Pemba, lakini neno limebaki, na mtoto akishikwa na degedege pa kumkimbiza ni hospitali.

Sasa sikiliza safari ya neno lenyewe. Lilipokwisha kuwa jina la chombo, ndege liliruka likavuka mipaka. Mkikuyu humwita ndege wa mtini *nyoni*, lakini eropleni anaiita *ndege*. Mchewa wa Malawi ana *mbalame* mtini na *ndege* uwanjani. Mshona wa Zimbabwe ana *shiri* na *ndege*. Mbemba wa Zambia anaiita *indeke*. Wote hao walikuwa na jina lao la kiumbe, wakachukua letu kwa ajili ya chombo. Kwao ndege haina manyoya kabisa, na mtoto wa Lilongwe hawezi kuuliza swali alilouliza yule wa kwenye 505.

Je, na kitendo? Hapa ndipo Kiswahili kinapoonekana kibahili, kwa sababu mtoto anayeruka kamba na ndege anayeruka angani wanatumia neno moja. Nenda Forodhani jioni uwaangalie makachu, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Mmoja anarudi nyuma hatua kumi, nyayo zimelowa, anakimbia, mguu wa mwisho unagonga jiwe la ukingo, na mwili unanyooka juu ya maji kwa kitambo kifupi mno. Pale ukingoni *ameruka*. Akishuka kutoka juu kwenda chini *amechupa*. Akizama *amepiga mbizi*. Ruka, basi, ni kuachana na ardhi, haiulizi utakaa juu kwa muda gani. Anayepanda juu zaidi na zaidi *anapaa*, na ndiyo maana moshi hupaa, hauruki.

Kutokana na kuachana huko na ardhi yametoka mengine mengi. Msomaji huruka mstari. Aliyefanya makubaliano akayakana ameruka, na akikana sana ameruka futi mia. Aliyepotewa na akili amerukwa nazo, kana kwamba zilikuwa zimetua kichwani zikaondoka. Redio hurusha matangazo. Na kwenye taarabu yetu pana rusha roho: mwimbaji anaimba, mwanamke anainuka kutunza, noti mkononi, macho yanamwangalia mwenziwe aliyekaa kiti cha tatu. Anayerushwa hapo ni roho ya yule aliyekaa, inanyanyuka kwa wivu ilhali mwili umetulia kitini.

Waingereza wamefanya vingine. Neno lao flight linabeba kuruka kwa ndege, safari ya eropleni, kukimbia hatari, na hata ngazi za kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Kumbe kuruka na kukimbia kwa asili yalikuwa maneno mawili tofauti, yakafanana mpaka yakawa na sura moja. Sisi kukimbia ni kukimbia, kutoroka ni kutoroka, kuhama ni kuhama, na safari ya ndege ni safari kama ya jahazi.

Na hilo la jahazi si mfano wa bure. Anayeendesha eropleni tunamwita rubani. Kabla ya hapo rubani alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa miamba na mikondo, anayekitia chombo bandarini salama. Waliomo ndani ni abiria, kama waliomo melini. Kutua ni neno la mchukuzi anayeweka mzigo chini, na la baharia anayetua tanga. Watu wa visiwa walipotazama juu walimwona ndege. Walipotazama waliomo ndani yake waliwaona mabaharia.

Mwaka jana nilikuwa kiwanja cha ndege cha Pemba, pale Wawi, nje ya uzio. Pembeni yangu alisimama mama mmoja akimngojea mumewe kutoka Unguja, amevaa vizuri, mkono umeshika simu na mwingine umeshika mtoto. Ndege ilikuwa imechelewa. Mara mtoto akanyoosha kidole juu: "Mama, ndege!"

Mama akanyanyua kichwa haraka. "Iko wapi?"

"Yule pale, juu ya mnazi."

Mama akashusha macho, akaendelea kungoja.