"Tumelijuaje hili?": fikra tunduizi nyumbani na skuli

Machi 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya misiba ya aina hii hakosi mtu wa kusema: "Kasa wameliwa tangu enzi za mababu, mbona hatukufa?" Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari. Hapo ndipo zinapohitajika fikra tunduizi, yaani kupima ushahidi kabla ya kuamini.

Kasa wengi hawana sumu. Mwenye sumu inaaminika huipata kwenye mwani na vyakula vingine vya baharini anavyokula, na nyama yake haina alama yoyote ya kumtambulisha. Hata ukiichemsha kutwa, sumu haitoki. Hupita mpaka kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha. Basi aliyekula mara 20 akasalimika amethibitisha kitu kimoja tu, kwamba hao 20 hawakumdhuru. Waliokufa hawapo barazani kutoa ushahidi wao. Hapo lipo swali jengine: nikikosea, nani atalipa, na kwa kiasi gani? Kukosa kitoweo cha siku moja hakulingani na kuzika mtoto. Tena kumvua kasa ni kosa kisheria.

Kuhesabu upande mmoja kumeenea zaidi kwenye dawa. Chukua karatasi, igawe vijumba 4: waliokunywa wakapona, waliokunywa wasipone, wasiokunywa wakapona, wasiokunywa wasipone. Tuseme watu 50 wenye homa wamekunywa maji ya muarobaini, na 40 wakapona. Utasema dawa kali hiyo. Lakini ikiwa kati ya 50 wasiokunywa nao wamepona 40, dawa haikuongeza kitu, kwani homa nyingi za virusi huondoka zenyewe baada ya siku chache. Kijumba cha kwanza hujaa haraka kwa sababu aliyekunywa akapona husimulia. Aliyepona bila ya dawa hana la kusimulia. Angalia pia nani alikunywa. Kama waliokunywa ni wale wenye homa nyepesi, na wenye homa kali walikimbizwa hospitali, ulinganisho umeshaharibika hata hesabu ikiwa sahihi. Na malaria haingoji vijumba: mtoto mwenye homa apimwe kwanza. Kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20.

Wazazi wengi huchelea kwamba mtoto anayeuliza atakuwa mbishi. Khofu hiyo inaeleweka, ila mila yetu wenyewe imejengwa juu ya kuuliza. Wanazuoni wa hadithi za Mtume hawakupokea neno bila ya isnadi: nani kapokea kwa nani, walikutana, ni mkweli, ana kumbukumbu nzuri? Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, anaweza kuupima kwa maswali hayo hayo ujumbe wa sauti uliokuja kwenye simu ya mama. Mfundisheni tu namna ya kuuliza. "Babu, tumelijuaje hili?" ni adabu, "Nani kasema?" ni ukavu wa macho.

Darasani dakika 10 zinatosha kuipima kauli moja, ni ya kweli au ya uongo. Kila mwanafunzi aandike jibu lake na sababu kabla ya yeyote kusema, maana hodari wa darasa akishatamka, waliobaki humfuata. Usichague kauli ambayo watoto wanaicheka tayari, chukua wanayoiamini. Kosa kubwa la walimu ni kuleta kauli za uongo tupu: baada ya wiki mbili darasa zima limejifunza kujibu "uongo" bila ya kufikiri, na huko ni kuamini kwa pupa kulikogeuzwa upande. Katika kauli 6, 3 ziwe za kweli. Atakayejibu "bado sijui" na akataja ni taarifa gani inayokosekana, apewe alama kamili.