Zoezi la kadi na njia ya malalamiko: kufundisha haki za binadamu kwa vijana wa nchi sita

Kambi ya mafunzo inayokutanisha vijana wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo huharibika mapema siku ya kwanza ikijazwa mihadhara. Mimi huanza na zoezi la "Piga hatua mbele", linalojulikana kwa wawezeshaji wengi lakini mara nyingi hufanywa nusunusu.

Kwa washiriki 24, andaa kadi za wahusika 12, kila mhusika kadi mbili. Waandike watu wa huku kwetu: mchimbaji mdogo wa Geita, dada wa kazi za ndani Nairobi, mkimbizi wa Kirundi kambini Nyarugusu, wakili wa Kampala, dereva wa pikipiki wa Goma asiye na kitambulisho. Kila mtu asome kadi yake kwa siri, kisha apewe dakika tano za kumfikiria mhusika: anaamka saa ngapi, nani anamwamulia, akiugua anakimbilia wapi.

Wapange mstari mmoja. Soma sentensi kama "Naweza kuripoti polisi bila kuombwa chochote." Anayejibu ndiyo kwa niaba ya mhusika wake anapiga hatua moja, mwingine anabaki. Sentensi 15 zinatosha. Panapohitajika mkalimani wa Kifaransa au Kirundi muda huwa karibu mara mbili, kwa hiyo zipunguze ziwe 10, wala usizikimbize. Ukumbi uliojaa meza haufai, tokeni nje.

Uzito wote uko kwenye mazungumzo ya baadaye, nayo ndiyo hukatwa chakula kikiwa tayari. Yatengee dakika 45. Watu wakiwa bado wamesimama, waulize kwanza walio nyuma: mliona lini wenzenu wanawaacha? Ndipo uwageukie walio mbele: mliwakumbuka saa ngapi walio nyuma? Halafu wakutanishe wenye kadi moja. Mara nyingi wamesimama mbalimbali, kwa sababu kila mmoja alimfikiria polisi na hospitali ya nchini kwake. Hapo ndipo vijana wanaanza kufundishana wenyewe, na mwezeshaji anyamaze.

Kabla ya kutawanyika kila mtu arudishe kadi na kutaja jina lake halisi kwa sauti. Usipofanya hivyo, wapo watakaoondoka na unyonge wa mhusika. La kuogopa zaidi ni kumpa mkimbizi kadi ya mkimbizi. Usizigawe kwa bahati nasibu; pitia fomu za usajili, na umruhusu yeyote kubadilisha kadi bila kuulizwa sababu.

Baada ya hisia, vijana wanataka kujua malalamiko yanapelekwa wapi. Waeleze ukweli wote. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, lakini mtu binafsi huifikia moja kwa moja tu ikiwa nchi yake imeweka tamko la kukubali kesi za watu binafsi, chini ya kifungu cha 34(6) cha Itifaki iliyounda mahakama hiyo. Rwanda iliondoa lake 2016, Tanzania Novemba 2019. Kenya, Uganda, Burundi na Congo hazijaliweka. Inabaki Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambayo hutaka kwanza umalize njia za kisheria za ndani ya nchi, isipokuwa zinapocheleweshwa kupita kiasi.

Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, haidai umalize njia za ndani. Mlalamikaji hujenga hoja juu ya vifungu vya 6(d) na 7(2) vya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, vinavyotaja utawala bora, utawala wa sheria na haki za binadamu. Ila kifungu cha 30(2) kinampa miezi miwili tu tangu tendo lilipofanyika au alipolijua, na mahakama haina uwezo wa kuongeza muda. Mashauri mengi hufia hapo, watu wakisubiri majibu ya barua walizoandika wizarani. Wape vijana mkasa wenye tarehe na kalenda ya ukutani, wahesabu wenyewe siku ya mwisho ya kufungua shauri.