Mafuta katika mchanga wa mito ya kale: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mafuta yametulia chini kama ziwa.
Yamo katika vijitundu kati ya chembe za mchanga. Bonde la Lokichar Kusini, Turkana, ambako kisima cha Ngamia-1 kilipata mafuta mwaka 2012, lina mchanga mwingi ulioletwa na mito ya kale na kufunikwa na tope. Visima vikiwa vichache, swali gumu ni kujua mchanga huo umelala wapi na vipande vipi vimeungana.

Dhana: Visima viwili vikikuta mchanga kwenye kina kimoja, basi ni mchanga mmoja.
Hili ni kosa la gharama kubwa. Mto huhama. Mchanga wenye unene wa mita 8 hapa na mwingine wa mita 8 kilomita 2 mbele huenda ni mikondo miwili, yaani njia mbili tofauti za mto wa kale, katikati tope tupu. Ukiiunganisha kwenye modeli (mchoro wa kompyuta wa mwamba ulio chini), maji yatakayodungwa kisima kimoja ili kusukuma mafuta yataonekana yakiyafikisha hadi kingine, kumbe uwanjani hayafiki. Linganisha kwanza shinikizo la visima vyote kwa kina. Vipimo visipokaa kwenye mstari mmoja, usiunganishe. Vikikaa, bado si uthibitisho, maana kabla ya uzalishaji hata mikondo iliyotengana inaweza kulingana.

Ili kuchora mkondo kwenye modeli, upana wake hukadiriwa kuanzia kina cha mto. Chukua sampuli ya mwamba iliyotolewa kisimani, pima unene wa tabaka za mshazari (seti za mistari iliyoinama ndani ya mchanga, iliyoachwa na matuta yaliyosogezwa na maji), upate wastani. Zidisha kwa 3 hivi: ndio urefu wa matuta ya mchanga yaliyokuwa sakafuni mwa mto. Zidisha tena kwa 6 hadi 10 upate kina cha maji. Wastani wa sentimita 20 hutoa tuta la sentimita 60 na mto wa mita 3.6 hadi 6. Sasa kama vipimo vya kisimani vinaonyesha mchanga wa mita 15, hiyo ni mikondo kadhaa iliyopandana. Anayeingiza 15 kama kina kwenye kanuni ya kukadiria upana atachora mto ambao haukuwahi kuwepo.

Dhana: Picha za mitetemo zitaonyesha kila mkondo.
Picha hizi hutokana na mawimbi yanayotumwa ardhini na kurudi. Yakipita mwambani kwa kasi ya mita 3,000 kwa sekunde, na yakiwa ya hezi 30 (mitetemo 30 kwa sekunde), urefu wa wimbi ni mita 100. Mchanga mwembamba kuliko robo yake, mita 25, hauonyeshi juu na chini yake kwa kutengana. Kuongeza seli (vipande vidogo vinavyounda modeli) milioni hakubadilishi hilo.

Dhana: Modeli moja nzuri inatosha.
Tengeneza kadhaa, na usibadilishe pekee namba ya bahati nasibu ambayo kompyuta hutumia kupanga mikondo: badilisha upana wa mikondo, mwelekeo wake na kiasi cha mchanga. Hicho cha mwisho kina hatari yake. Mchanga ukishuka chini ya takriban asilimia 25 hadi 30 ya mwamba wote, mikondo huanza kukatikana haraka, na mafuta yanayofikika hupungua kuliko mchanga wenyewe ulivyopungua. Kwa hiyo asilimia 35 na 20 zijaribiwe zote mbili kabla ya kuchagua mahali pa kisima kinachofuata.