Chardonnay ya nchi ya baridi haijachacha

Jamani watu wa Moshi na Arusha, kuna waini nyeupe naipenda sana, ya zabibu aina ya Chardonnay kutoka nchi za baridi, kama ile ya Chablis, na kila wikiendi nasikia inasemwa vibaya, kwa hiyo leo niitetee.

Kubwa kuliko yote ni hili la "imechacha hii". Mtu kazoea waini tamu, anamiminiwa Chablis, anapiga funda moja, uso unakunjamana, glasi inarudi kaunta. Haijachacha ndugu yangu. Chablis ni sehemu ya kaskazini kabisa ya Burgundy kule Ufaransa, baridi yake si ya mchezo, zabibu zinaiva taratibu na asidi haipotei, halafu ile sukari karibu yote inaliwa na hamira inageuka kilevi, ndo maana ulimini unapata limau, epo la kijani, labda peasi. Chardonnay hiyohiyo ikilimwa kwenye joto inakuja na nanasi na embe. Iliyoharibika kweli inanuka siki au boksi lililoloa, hiyo rudisha bila aibu.

Wengine wanadhani Chablis ni aina ya zabibu. Hapana, ni mahali, na kwa sheria yao waini ya jina hilo ni Chardonnay tupu.

Halafu "Chardonnay lazima iwe na siagi na vanila". Vanila ni ya mapipa ya mwaloni. Siagi inatokana na bakteria wanaobadili asidi kali ya zabibu kuwa asidi laini kama ya maziwa. Chablis nyingi zinapitia hapo pia ila zinakaa kwenye matangi ya chuma na sio pipa jipya, ladha inabaki safi.

Na ule udongo? Umejaa visukuku vya chaza wadogo wenye umbo kama la mkato, wa miaka kama milioni 150 iliyopita, ukiokota jiwe shambani unawaona kwa macho. Ila mizizi hainyonyi ladha ya jiwe wala ya chaza, mzabibu unachukua maji na madini kidogo sana yasiyo na ladha ya kusikika kwenye glasi.

Sasa hii ya "Arusha nako baridi, tupande tupate kama yao". Julai tunavaa majaketi, sawa, ila mzabibu unahitaji majira ya baridi kamili ulale, udondoshe majani, upumzike, na sisi hapa karibu na ikweta hatuna hayo, mwanga wetu ni saa 12 mwaka mzima wakati Chablis mwezi Juni wanafika kama 16. Ndo maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Na baridi ya wenzetu inaua: Aprili 2021 jalidi ilichoma machipukizi vibaya, wakulima usiku kucha wanawasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari, wengine wananyunyiza maji yagande juu ya chipukizi, kwa sababu maji yakiganda yanatoa joto kidogo na chipukizi linapona humo ndani ya barafu.

La mwisho, kuigandisha kwenye friza. Ikiwa baridi mno hata harufu husikii. Nyuzi 10 hadi 12 inatosha, itoe kwenye friji kama dakika 20 kabla, uinywe na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wa kukaanga, chumvi tu, ndimu usiweke, waini yenyewe itafanya hiyo kazi.